Siku Mkono Wangu Uliponasa Mlangoni kule Embu

Naona nianze na aibu yenyewe, ili baadaye asije mtu akaniuliza kwa kicheko, wewe si ndiye. Ndiye mimi. Ule mkono unaotokeza kwenye tundu la mlango wa chuma ukipunga hewani, ule mliotumiana kwenye simu kutoka Kanyakine hadi Embu mjini, ni mkono wangu wa kulia, na sauti inayoita moto nyuma ya mlango ni yangu, na wale wanafunzi wa shule tatu wanaocheka wakiwa wameshika vikombe vitupu walikuwa wanangoja chai ambayo, kwa sababu yangu, hawakuinywa. Chekeni kwanza, nitangoja. (Hata mume wangu alicheka, na yeye ni mzee wa kanisa.) Mkishamaliza mnisikilize, kwa maana hasira niliyoipata siku hiyo haijapoa hadi leo.

Mimi nafundisha Kiswahili katika shule moja ya bweni ya wasichana upande wetu wa Imenti Kusini, na ndimi mlezi wa chama cha muziki. Shule yetu ikienda kulala nje ina mizigo yake ya kawaida: magodoro, mabeseni, ngoma, sketi za katani za kuchezea, na kufuli. Ndiyo, tunasafiri na kufuli letu wenyewe. Lilinunuliwa Nkubu kwenye duka la vyuma, zito hata ukilitia mkobani linakuvuta bega, na limezunguka tamasha nyingi kuliko walimu wengine pale shuleni. Sababu yake ni kwamba zamani, kabla sijaajiriwa, wasichana wawili walitoroka bwenini kwenye safari fulani wakaenda kula chipsi mjini, wakapatikana wakila chipsi, wakarudishwa wakiwa salama wameshiba, na tangu siku hiyo naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kithinji, hajawahi kupona.

Bwana Kithinji mnamjua hata kama hamumjui. Ni mtu mrefu wa kuvaa tai hata Jumamosi, anayeongea na wanafunzi kama anahutubia uwanja. Asubuhi ya safari aliwapanga wasichana mbele ya gari la shule akawaambia, "Mimi nimewapokea mkiwa na hesabu yenu na nitawarudishia wazazi wenu hesabu ileile. Hapa ni usalama kwanza." Halafu akapitisha sanduku la huduma ya kwanza, kila mwenye dawa aitie humo, kwa sababu kanuni yetu ni kwamba mwanafunzi hasafiri na dawa mfukoni, asije akawapa wenzake. Wenye vidonge vya tumbo wakatia, wenye dawa za mafua wakatia, na msichana mmoja wa kidato cha tatu, Nkatha, mwembamba, sauti ya kwanza katika kwaya yetu, akasimama na inhela yake ya pumu mkononi akisitasita.

"Na nikiihitaji usiku, sir?"

"Utamwambia madam," akasema Bwana Kithinji, akaichukua.

Madam ni mimi. Nilitikisa kichwa kukubali, kwa sababu nilidhani sanduku litalala nami.

Tulifika Embu jioni, siku moja kabla ya tamasha. Shule iliyotupokea (sitaitaja, walitupokea kwa moyo mmoja na kosa si lao) ilikuwa imejaa, kila darasa lina wageni, kwa hiyo sisi tukapewa iliyokuwa stoo ya vitabu nyuma ya jikoni. Ilikuwa imefagiliwa vizuri. Ina madirisha ya juu upande mmoja tu, yenye nondo na juu ya nondo wavu, kwa sababu vitabu viliwahi kuibwa, na mlango mmoja wa chuma wenye lile tundu la kupitishia mkono ambalo mnalijua nyote mliosoma bweni: ukiwa ndani unapitisha mkono, unafunga kufuli kwa nje au unalivuta ndani, upendavyo. Nikamwambia Bwana Kithinji, nitafunga kwa ndani na ufunguo nilale nao.

Akacheka kile kicheko chake cha pua. "Madam Gacheri, wewe ukilala hata ngoma haikuamshi. Hawa watakuchomolea ufunguo chini ya mto."

Hapo lazima niwe mkweli, mimi hulala. Staffroom nzima inajua, kuna siku nilisinzia kwenye mkutano wa bodi mpaka nikakoroma. Lakini nilibishana, nikamwambia tutafanyaje kukitokea jambo, akaniuliza jambo gani, na jioni kukiwa shwari hakuna jambo linalokujia akilini. Basi nikatafuta mahali pa kuuweka ufunguo ambapo hautachomolewa, na hapa ndipo mkasa wangu wote unapoanzia, maana gauni langu la kulalia halina mfuko. Mkobani wangeupata. Shingoni sikuwa na uzi. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba kwa safari, na kuoga sijaoga, nikaona heri yaishe, nikampa ufunguo. Kitu kidogo namna hiyo. Angekuwa fundi cherehani wangu amenishonea mfuko, leo hii ningekuwa mtu wa heshima zake.

Akatufungia kwa nje, wanafunzi pamoja na mwalimu wao, kama mbuzi wa mnada. Halafu akapanda gari la shule, akaenda kulala hotelini mjini kwa sababu mgongo wake hauwezi godoro la chini. Na sanduku la dawa lilikuwa ndani ya buti la gari, chini ya ngoma. Nililikumbuka nikisikia gari likitoka getini. Nikasema moyoni, ah, ni usiku mmoja tu.

Usiku ukapita salama, msidhani ninawapeleka huko. Nililala, kama ilivyosemwa.

Kulipokucha, mpishi wa shule ile, mzee mmoja anayeitwa Ireri, mtu wa Mbeere mwenye sauti ya kukwaruza, akawasha moto wa chai ya shule zote. Kuni zilikuwa zimenyeshewa. Mnajua moshi wa kuni mbichi, haupandi, unatambaa, na uliona madirisha yetu yale ya juu ukaona ndiyo njia. Niliamshwa na kukohoa. Nikafungua macho nikaona weupe, nikadhani ni ndoto, nikaona wasichana wamesimama juu ya magodoro, mmoja analia, mwingine anapiga mlango kwa beseni, na weupe unazidi kushuka kutoka juu. Sasa niambieni, nyinyi mnaocheka, mngedhani ni nini? Mabweni hayajawahi kuungua katika nchi hii? Mimi sikufikiria chai. Nilifikiria yote niliyowahi kusikia redioni, nikakimbilia mlango, nikapitisha mkono wa kulia kwenye tundu kulishika kufuli. Sijui nilitegemea kulifanya nini. Labda niliona nikilitingisha kwa nguvu litanihurumia.

Mkono ukapita kiganja, ukapita kifundo, nikausukuma, kiwiko kikapita. (Mimi si mwembamba, na mkono wangu umefuata mwenye mkono.) Nikalikamata kufuli, nikalivuta, nikalipinda, halikujali hata kidogo. Nikataka kurudisha mkono ndani. Kiwiko kikagoma. Ule ukingo wa chuma ulikuwa umenikaba, na kila nikivuta nyama inajikunja inazidi kujaa. Ndipo nikaanza kuita moto kwa nguvu zangu zote na kupunga ule mkono ulioko nje, maana ndicho kiungo pekee nilichokuwa nacho upande wa watu.

Na watu walikuwepo. Shule tatu, mistari mitatu, vikombe mkononi, mita chache kutoka mlango wetu. Kwanza waliutazama mkono ukipunga. Halafu kijana mmoja akasema, "Wasee, huo mlango unasalimia watu," na basi, uwanja mzima ukaangua kicheko, na mwalimu wa shule mojawapo, mtu mzima, mwenye watoto nadhani, akatoa simu badala ya kutoa msaada.

Mzee Ireri akaja na mwiko wake. "Hakuna moto hapa, madam. Ni kuni tu. Zilinyeshewa."

"Zima," nikamwambia kupitia mlango.

"Nizime na hawa watoto wote wakunywe nini?"

"Zima, mzee, huku ndani hatupumui."

Alinung'unika kwa Kimbeere, lakini akaenda akazima. Alizimaje? Alimwaga maji juu ya kuni mbichi zinazofuka. Kama kuna mtu hapa hajawahi kufanya hivyo, nawaambia moshi tuliokuwa nao mwanzo ulikuwa wa heshima. Huu wa pili ulikuja na mvuke na majivu, ukajaa stoo mpaka sikuwa naona wasichana, nasikia tu. Na chai ya shule tatu ikaishia hapo, ndipo wale wa nje walipoacha kucheka wakaanza kunizomea.

Hapo ndipo niliposikia kikohozi ambacho hakikufanana na vingine. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kikavu, halafu kinafuata mluzi, halafu kimya kirefu. Nikajua ni nani kabla sijageuza shingo. Wenzake walimleta Nkatha mlangoni wakimshika kwapani, kwa sababu walikuwa na akili kuliko mimi: waliona mle ndani hewa safi inaingia mahali pamoja tu, kwenye lile tundu. Na tundu lile lilikuwa limezibwa. Na mkono wa mwalimu wao.

Siwezi kuwaeleza ilivyokuwa. Alikuwa amepiga magoti kando yangu, anainua uso kwenye ile nafasi nyembamba iliyobaki kati ya ngozi yangu na chuma, anavuta hewa hapo, mabega yanapanda na kushuka, na midomo yake imekuwa na rangi ambayo sikutaka kuiangalia. Akaniambia kwa vipande, "Madam. Inhela." Nami nilivuta ule mkono mpaka ngozi ikachubuka, nikavuta nikilia, na huko nje watu wananirekodi.

Msichana mmoja akanichukulia simu mkobani, na kwa mkono wa kushoto nikampigia Bwana Kithinji. Simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Ya tatu ikaita, akapokea kwa sauti ya mtu anayetafuna.

"Madam, habari ya asubuhi."

"Leta ufunguo. Leta sanduku. Nkatha hawezi kupumua."

"Mbona haraka hivyo? Nimalizie chai nakuja."

Sikumbuki nilimjibu nini. Wasichana wanasema walijifunza maneno mapya ya Kimeru asubuhi ile, na mimi ndiye mwalimu wa lugha.

Alikuja, hilo nitampa. Alishuka garini na tai yake, akaupita umati, akaja akasimama mbele ya mkono wangu na ufunguo umeinuliwa kama anayefungua jengo rasmi, kisha akasema, "Madam Gacheri, toa mkono nifungue." Kwa maana mkono ulikuwa umelikandamiza kufuli kwenye bati, na ufunguo haukuweza kuingia.

"Bwana Kithinji, ningekuwa naweza kuutoa ungekuwa huku ndani na mimi."

"Basi tulia."

"Lete inhela kwanza."

Akaenda kuitafuta. Ngoma zikashushwa moja moja, sketi za katani zikashushwa, sanduku likapatikana, inhela ikapatikana, ikaletwa mbio mpaka mlangoni, na haikuwa na pa kupitia. Madirishani kuna wavu. Kwenye tundu niko mimi. Msichana yuko upande huu, dawa yake iko upande ule, umbali wa upana wa bati, na aliyebaki katikati ni mimi.

Mzee Ireri ndiye aliyekwenda jikoni akarudi na mafuta ya kupikia (akilalamika bado, kwamba hayo yalikuwa ya maharagwe ya mchana), akanipaka mkono wote kuanzia kidoleni hadi juu, akashika kiganja, akausukuma ndani huku wasichana wakinivuta kiunoni. Mkono ulitoka kwa kishindo, tukaanguka chini wote, na kabla sijainuka vidole vyangu vya mafuta vilikuwa vimeshaipokea inhela kwenye tundu na kumtia Nkatha mdomoni. Alivuta. Akavuta tena. Mlango ukafunguliwa, nikambeba nje nikiwa na gauni la kulalia la maua, kofia ya nywele, mkono unang'aa mafuta na majivu, mbele ya shule tatu na walimu wao, na hiyo sehemu, bahati yangu, haimo kwenye video, iliishia nikiwa bado nimenasa.

Nilikaa naye kwenye nyasi mpaka rangi ikarudi. Hakuimba siku hiyo. Wenzake walipanda jukwaani na sauti za majogoo wazee, na waamuzi wakawahurumia kwa maneno mazuri wakawapa nafasi ya mwisho. Nkatha alipopata sauti kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Pole kwa mkono, madam." Mtoto wa watu. Yeye ndiye aliyenipa pole, na mpaka leo ndiye peke yake.

Maana Bwana Kithinji alichosema njiani tukirudi ni hiki: "Mngetulia tu, moshi ungeisha." Na shuleni nikaanza kuitwa Madam Mkono. Walimu wenzangu wakawa wakinisalimia kwa kupitisha mkono dirishani mwa staffroom. Nilienda kwa mwalimu mkuu nikamweleza yote, ya ufunguo, ya sanduku, ya mtoto. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Mtoto si yuko sawa? Basi tusiwatie wazazi hofu." Wala sikuona mahali popote palipoandikwa au kusemwa kwamba msichana alikosa hewa. Kilichobaki kama kumbukumbu rasmi ya safari ile kilikuwa ni kichekesho.

Sasa sikieni yaliyotokea kwenye mkutano wa wazazi. Muhula ulikuwa unaisha, ukumbi umejaa, na Bwana Kithinji alikuwa na hoja ya kuwaomba wazazi ruhusa ya safari nyingine ya kulala nje. Akaona alainishe mambo kwanza. Akasema, "Kabla ya mazito, tucheke kidogo na mwalimu wetu," akaiweka ile video kwenye ukuta, kubwa, na sauti kwenye spika. Mimi nimekaa mstari wa mbele, nimevaa suti yangu ya Pasaka. Ukumbi ulicheka. Wazazi waliinama wakashika magoti. Mama mmoja nyuma yangu, mwenye kilemba cha kijani, muuza ndizi wa Mitunguu, alicheka mpaka akajifuta macho na kona ya leso, akamwambia jirani yake kwamba hiyo alishaiona sokoni, kwamba yeye mwenyewe aliwatumia watu wa chama chao.

Video ilipoisha akainua mkono, bado anatabasamu. Akapewa nafasi.

"Mimi nimeuliza tu," akasema. "Huyo anakohoa nyuma ya madam, hapo mwisho. Ni mtoto wa nani?"

Bwana Kithinji akasema walikuwa wanakohoa wote, mama, ni moshi tu.

"Hapana. Huyo mmoja. Hebu rudisha."

Hakuna aliyerudisha. Tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka polepole, kwa sababu kuna vikohozi ambavyo mzazi amevisikiliza miaka mingi kupitia ukuta wa chumba cha pili, na simu ndogo ya sokoni haikuwa imemsikizisha vizuri, lakini spika za shule zilimsikizisha. Nikasimama. Mwalimu mkuu alinivuta koti, nikasimama hivyohivyo.

"Ni Nkatha, mama Nkatha," nikasema. "Dawa yake ilikuwa kwenye gari mjini, na ufunguo ulikuwa hotelini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na nakiri niliingoja kwa hamu. Nilitaka amgeukie Bwana Kithinji, aseme yote niliyokuwa nimeyameza muhula mzima, na mimi nisimame kando yake kama shahidi wa upande wa haki. Na alimgeukia kweli. Alimtazama kwa muda mrefu hadi mkono wa Bwana Kithinji ukapanda wenyewe kulegeza tai. Kisha akamwacha. Alinigeukia mimi.

"Madam, wewe ulikuwa na simu siku hiyo?"

"Nilikuwa nayo."

"Na namba yangu?"

"Ninayo, mama."

"Nimecheka mtoto wangu," akasema taratibu, si kwa ukali. "Nimepeleka kwa watu wamcheke. Na wewe ulikuwa unajua."

Akaketi. Ruhusa ya safari haikuombwa tena siku ile, watu walitoka bila kungoja soda.

Basi ndugu zangu, mimi sitaomba radhi kwa kuita moto. Nitaita tena hata kama ni chai. Mlango wenye mtoto wangu wa shule ndani haufungwi kwa nje nikiwa hai, anayetaka kufunga atanifunga mimi kwanza, na mwenye pumu atalala na inhela yake chini ya shavu, maana nani atampa mwenzake inhela, ya kazi gani. Yote hayo nilishamwambia Bwana Kithinji usoni. Lakini likitokea lolote, hata dogo, hata kama mtoto ameshapona anakula mandazi, simu ya kwanza nitampigia mamaye, mwenyewe, kabla ya mwalimu mkuu na kabla ya mtu yeyote mwenye tai. Kwa mama Nkatha nimeenda Mitunguu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa sokoni. Mara ya pili alikuwa nyumbani, akanikaribisha, akanipa chai, na hakuna kati yetu aliyeweza kucheka.